Bima ya Chombo kwa Mafungu

Kadhia niliyowaandalia leo ni ya fedha, lakini ni fedha inayogusa uhai wa watu, nayo ni hii: je, ni haki, na ni salama, kwa mwenye chombo cha moto kulipa ada ya bima yake kwa mafungu ya kila mwezi, badala ya kuitoa yote kwa mkupuo mmoja? Jawabu langu sitalificha mpaka mwisho wa mazungumzo. Naona ni haki, tena ni haki iliyochelewa. Ama salama yake, hiyo inategemea jambo moja ambalo aghalabu halizungumzwi pale mkataba unapoandikwa, nalo ni kwamba siku fungu moja litakapokosekana, ni nani atakayeibeba hasara ya siku hiyo.

Kwanza na tujue kinacholipiwa. Sheria yetu ya Tanzania, ambayo asili yake ni enzi ya utawala wa Waingereza, nao kwao waliilazimisha bima ya gari kwa sheria yao ya mwaka 1930, haimruhusu mtu kuendesha chombo barabarani bila bima ya kumkinga mtu wa tatu; na mtu wa tatu ni yule asiyehusika kabisa na mkataba wako na kampuni, hakuuona wala hakuutia sahihi, ila Mungu alikadiria kwamba awe pembezoni mwa njia wakati breki zako zilipokataa: mpanda baiskeli atokaye kazini, mwanafunzi avukaye kwenda shule, mama aliyejitwika ndoo ya dagaa. Hii ndiyo bima ndogo. Kwa gari dogo la matumizi ya nyumbani ada yake iliyozoeleka ni shilingi 100,000 kwa mwaka, ambayo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 hufika shilingi 118,000. Bima kubwa, ambayo humkinga mtu wa tatu na pia gari lenyewe likigongwa, likiungua au likiibiwa, huhesabiwa kwa thamani ya gari, na kiwango kilichozoeleka kwa gari la binafsi ni asilimia 3.5, basi mwenye gari la shilingi 12,000,000 hutakiwa atoe shilingi 420,000, na kodi juu yake, jumla shilingi 495,600.

Ukizigawa fedha hizi kwa miezi 12, unapata shilingi 41,300 kila mwezi kwa bima kubwa hiyo, na pungufu ya shilingi 10,000 kila mwezi kwa bima ndogo. Mtu wa mshahara, ambaye tarehe ya kulipwa kwake inajulikana na fedha yake humkuta benki, anaweza kuuliza uzito uko wapi. Uzito uko katika wakati. Dereva wa bajaji hapa kwetu Tanga, ambaye aghalabu chombo si chake, hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni kabla hajanunua unga wa nyumbani kwake, na kinachobaki baada ya hesabu, mafuta na kuziba pancha ndicho kipato chake; na akiwa yumo katika mkataba wa kukimiliki chombo hicho mwishowe, basi matengenezo na bima mara nyingi huangukia shingoni mwake yeye, si kwa tajiri. Fedha yake huja kwa noti za elfu moja na elfu mbili, nazo huwa zimekwisha kabla ya adhana ya Isha. Kumtaka mtu wa namna hiyo awe, siku moja katika mwaka, na fedha ya mwaka mzima mkononi, ni kumtaka aishi maisha ya mtu mwingine.

Tanga hii tunaijua hali hiyo kwa kuirithi. Mashamba ya mkonge yaliyoujenga mji wetu, na yaliyowaleta hapa wazee wetu wengi kwa jina la manamba, yaliwalipa watu kwa kipande: kadi yenye nafasi 30, kila siku ya kazi iliyokamilika ikatiwa alama yake, na mshahara hautoki mpaka alama 30 zitimie, hata zikichukua mwezi na nusu kutimia. Mtu aliyelelewa katika nyumba ya kipande hakufundishwa kufikiri kwa mwaka, kwa sababu hakuna aliyemlipa kwa mwaka. Mkonge umepungua, kipande kimekwisha, lakini mwendo wa fedha kuja kidogo kidogo haukuondoka na mashamba. Umehamia kwenye maegesho ya bajaji, kwenye genge la machungwa na kwenye forodha ya samaki, na bima imebaki ikidai kwa kalenda ya watu wengine.

Nilikuwa nimeketi alasiri moja kwenye kibanda cha wakala wa bima hapa Mabawa, binti wa makamo ya mwanangu wa mwisho, akaingia mzee mmoja mwenye bajaji yake mwenyewe, kofia mkononi.

"Shikamoo baba," binti akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie, stika yangu bado?"

Binti akaandika namba ya chombo katika simu yake, akamgeuzia kioo mzee asome mwenyewe: zimebaki siku nne. Mzee akatoa kifuko cha nailoni kutoka mfuko wa shati, akazifungua noti zilizokunjwa mara nne nne, akazihesabu mara mbili, akaziweka mezani.

"Hizi ni nusu. Nikatie, zilizobaki nitakuletea mwezi ujao, inshallah."

"Baba, mfumo hautoi stika ya nusu."

"Basi niwekee wewe. Wewe nakuamini."

Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno ambayo nimeyahifadhi kwa sababu sijasikia wakala mwingine akiyasema kwa uwazi kama ule: "Nikikuwekea mimi, hilo ni baina yangu na wewe, kampuni haina habari. Na kesho ukimgonga mtoto wa watu, baba, nitasema nini? Nitasema fedha zako zilikuwa kwenye droo yangu?"

Mzee alizikunja noti zake akaenda zake, wala sijui alizipata wapi zilizobaki. Lakini katika maneno yale machache ya binti imo nusu ya kadhia yetu, kwa kuwa wapo wengi mjini hapa wanaodhani kwamba wamekwisha kuanza kujikinga kwa sababu wamekwisha kuanza kumpa wakala vijisenti, ilhali mbele ya sheria hawajaanza lolote. Kanuni inayoshikwa na watu wa bima nchini, na inayosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, husemwa kwa maneno mafupi: hakuna ada, hakuna bima. Fedha iliyoko kwenye droo si ada. Ada ni ile iliyoifikia kampuni na kuandikwa.

Wala nisionekane nailaumu kanuni hiyo. Kampuni ya bima haina kisima cha fedha chini ya sakafu yake. Fidia anayolipwa, tuseme, mjane wa Muheza aliyefiwa na mumewe barabarani hutoka katika ada zilizokwisha kulipwa na watu ambao mwaka huo hawakupata ajali, na kampuni iliyojaza vitabu vyake ahadi za wadeni badala ya fedha taslimu itamfikia mjane yule ikiwa mikono mitupu. Nchi hii imepita katika mihula mbalimbali ya bima: Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, likawa ndilo peke yake baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mlango wa kampuni binafsi ukafunguliwa tena kwa sheria ya mwaka 1996, na katika muhula wowote, bima isiyokusanya ada yake ni karatasi tu. Basi swali si kuivunja kanuni. Swali ni namna ya kumwezesha mtu wa kipato cha kila siku aitimize bila kuvunjika yeye.

Na kulipa dhima kwa mafungu si uzushi wa mabenki. Katika fiqhi tuliyosomeshwa vyuoni hapa pwani, diya, yaani fidia ya damu, ya mtu aliyeuawa kwa makosa pasipo kusudi haikuwekwa juu ya shingo ya aliyeua peke yake, bali juu ya aqila wake, yaani jamaa zake wa upande wa baba. Na haikutakwa kwao kwa siku moja, ila kwa miaka 3, theluthi kila mwaka. Tazameni insafu iliyomo humo. Haki ya warithi wa marehemu ni kamili, haikupunguzwa hata dirhamu moja. Wanaobebeshwa mzigo wamepewa muhula wa kupumua. Na mzigo wenyewe umegawanywa kwa wengi, ili wafiwa wasikose fidia kwa sababu tu ya ufukara wa mtu mmoja. Bima ya mtu wa tatu, kwa muradi wake, inataka jambo lile lile, isipokuwa kwamba jamaa wa ukoo wamebadilishwa kuwa jamaa wa barabara, na malipo yametangulizwa kabla ya msiba. Wanachuoni waliokubali kugawa diya kwa miaka hawakuona kwamba kugawa ni kudharau haki ya marehemu. Waliona kwamba ndiyo njia ya kuifikisha.

Serikali yetu nayo imekwisha kutanabahi katika jambo la jirani. Mnakumbuka leseni ya gari ya kila mwaka, iliyolipwa kwa ukubwa wa injini, ambayo wengi waliikimbia mwaka wa kwanza, wakaiogopa mwaka wa pili kwa kuwa faini imekwisha kupandana juu ya deni, na mwaka wa tatu gari likafichwa nyuma ya nyumba. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 iliyosomwa na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dakta Philip Mpango, ada hiyo ilifutwa, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Tangu siku hiyo hapana trafiki aliyemsimamisha mtu kwa leseni ya gari, na kila atiaye mafuta huilipa pasipo kuhisi. Ninalolichukua katika mfano huo ni hili tu: mwananchi aliyeitwa mkaidi wa kulipa hakuwa mkaidi, alikuwa anadaiwa kwa muda usiolingana na mfuko wake. Afrika Kusini wamekwenda mbali zaidi, kwani fidia ya walioumizwa barabarani huko hutoka katika mfuko unaojazwa kwa tozo ya kila lita ya mafuta. Lakini mfuko huo umelemewa na madeni makubwa, na mimi sisemi kwamba tuwaige kabla hatujajua kwa nini.

Sasa tuje kwenye njia inayotangazwa zaidi siku hizi, nayo ni ya mkopo wa ada. Benki au taasisi ya fedha huilipa kampuni ya bima ada yote kwa siku moja, hivyo kanuni imetimia na stika ya mwaka mzima hutoka. Kisha mwenye gari hulirejesha deni hilo benki kwa mafungu ya kila mwezi, pamoja na faida ya mkopeshaji. Kwa mtumishi ambaye mshahara wake unapitia benki hiyo hiyo ni jambo jepesi, na katika nchi jirani ya Kenya limekuwa jambo la kawaida kwa wenye bima kubwa. Nataka wasikilizaji wangu walishike kwa hesabu, wasilishike kwa tangazo. Tuseme, kwa mfano tu, umekopeshwa zile shilingi 495,600, na umeambiwa faida ni asilimia 10 na malipo ni kwa miezi 10. Utalipa jumla shilingi 545,160, yaani shilingi 54,516 kila mwezi, na utajiona umetozwa asilimia 10. Lakini deni lako halikukaa 495,600 kwa miezi yote hiyo. Kila mwezi ulilipunguza, na wastani wake kwa miezi 10 ni shilingi 272,580 tu. Shilingi 49,560 ulizotozwa juu ya wastani huo ni zaidi ya asilimia 18. Hapana uongo uliosemwa na mtu yeyote hapo, maadamu mkopeshaji ameeleza kwamba faida yake inahesabiwa juu ya deni la mwanzo. Ila mkopaji aulize, tena aulize kabla ya kutia sahihi: faida hii ni juu ya deni la mwanzo, au juu ya kinachobaki?

Lipo la pili, na hili ndilo lililonifanya niombe nafasi ya kuzungumza nanyi. Katika mikataba ya namna hii, mkopeshaji aghalabu hujiwekea haki kwamba mkopaji akishindwa kulipa, ataiandikia kampuni ya bima iifute bima ile, na sehemu ya ada ya miezi isiyotumika arejeshewe yeye kufidia deni lake. Kwa upande wa fedha ni jambo la insafu, kila mtu amechukua chake. Lakini hebu tumtazame yule mama mwenye ndoo ya dagaa. Tuseme mwezi wa saba wa mkopo mwenye gari aliuguliwa na mkewe, akakosa fungu la mwezi ule na la mwezi uliofuata. Barua ikaandikwa, ikapokelewa, bima ikafutwa. Na mwenye gari, ambaye alikwisha kutoa zaidi ya nusu ya fedha ya mwaka na ambaye tarehe aliyoishika moyoni ni ya mwisho wa mwaka, akaendelea kuendesha kwa moyo mweupe. Siku ile gari litakapomvunja mama mguu, hapana kampuni atakayoikuta mama nyuma ya gari lile. Atamshitaki mwenye gari, atashinda, na hukumu yake ataiweka kabatini, kwa kuwa mtu aliyeshindwa fungu la mwezi hataiweza fidia ya mguu. Baina ya watu wanne waliohusika, mkopeshaji, kampuni, mwenye gari na mama, aliyepoteza kila kitu ni yule pekee ambaye hakuulizwa lolote.

Ndiyo sababu nasema kulipa kwa mafungu ni haki ya mlipaji, lakini isiwe kwa gharama ya mpita njia. Kufuta bima ya gari lenyewe, yaani ile sehemu ya kumlinda mwenye gari na hasara yake, kwa sababu hakulipa, hilo sina neno nalo. Amekosa yeye, abebe yeye. Kuifuta sehemu ya mtu wa tatu kimya kimya ni jambo jingine, na ningependa kuona linafungwa kwa masharti magumu: mwenye chombo apelekewe taarifa kwa simu yake, kwa Kiswahili, kabla ya siku yenyewe, wala si baada yake, apewe siku za neema ambazo ndani yake mtu wa tatu bado amekingwa, na bima inapofutwa, mfumo uonyeshe saa ile ile, ili trafiki na abiria na mwenye chombo wasome neno moja. Waingereza walioturithisha sheria hii walipoona kwamba wapo wanaoumizwa na madereva wasio na bima, kampuni zao za bima ziliungana mwaka 1946 zikaunda ofisi moja ya kuwalipa majeruhi wa namna hiyo. Walijua kwamba yatakuwapo mapengo siku zote, na hawakutaka pengo limmeze asiye na hatia.

Tukivuka Horohoro tukaingia Lunga Lunga, tunakuta desturi nyingine. Matatu za Mombasa na za Kenya yote zimezoea kukata bima ya mwezi mmoja mmoja, kwa kuwa mapato yao ni ya kila siku na tajiri haoni kwa nini afunge fedha ya mwaka katika chombo ambacho wiki ijayo huenda kiko gereji. Hapo hapana mkopo wala riba: unalipia mwezi, unakingwa mwezi, na cheti husema kweli juu ya tarehe yake. Naipenda bima ya namna hii kwa ukweli wake huo, kwani mtu wa kila siku anajua alipo. Lakini nayo ina taklifu zake. Cheti kinachokwisha mara 12 kwa mwaka kina siku 12 za kusahauliwa, na bima ya muda mfupi, kwa desturi ya biashara hii duniani kote, huuzwa ghali kuliko sehemu yake ya mwaka, kwa hoja kwamba kazi ya kuandika ni ile ile kwa mwezi kama kwa mwaka. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu siku za karatasi na mihuri; leo, binti yule wa Mabawa anapoandika namba ya chombo katika simu na jibu likaja kabla hajainua kikombe cha chai, sioni kazi hiyo kubwa ambayo maskini anatozwa kwayo. Wapo watakaosema kwamba kampuni zilizokinga matatu huko Kenya ziliporomoka, na ni kweli kwamba United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005 na Blue Shield ikafuata mwaka 2011; lakini anguko la kampuni za bima hutokana na ada ndogo kuliko madai, na madai ya uongo, na uongozi, na hayo huiua kampuni ilipwayo kwa mwaka kama ilipwayo kwa mwezi.

Mintarafu ya riba, najua wasikilizaji wangu wengi wamekwisha kulifikiria kabla yangu. Mwislamu wa Mabawa anayeiogopa riba hawezi kuambiwa tu kwamba mkopo wa ada ni mwepesi. Wanachuoni wengi wamejuzisha bei ya kulipa kwa muda iwe kubwa kuliko bei ya kulipa papo hapo, maadamu bei hiyo imefungwa siku ya mkataba na haiongezeki mtu akichelewa. Wasichojuzisha ni nyongeza juu ya deni. Kwa hiyo kampuni inayosema mwaka mzima kwa mkupuo ni kiasi hiki, na kwa mafungu ni kiasi hiki, basi, iko mahali tofauti na mkopeshaji anayepandisha deni kwa kila mwezi wa kuchelewa. Na zaidi ya hapo iko takafuli, ambamo washiriki hutoa michango kwa nia ya kusaidiana na ziada ikipatikana hugawanywa kwa masharti waliyokubaliana. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilianza Sudani mwaka 1979, jirani zetu wa Kenya wakapata yao mwaka 2011, na hapa kwetu nayo imekwisha kufunguliwa njia. Mchango kwa tabia yake hukubali kutolewa kidogo kidogo. Ningewaomba masheikh wetu wa Tanga walieleze jambo hili msikitini kwa utaratibu, kwa kuwa watu wetu wengi husikia neno bima na neno haramu katika sentensi moja, wakaacha yote, kisha wakaendesha bila kinga kwa kudhani wamefanya uchamungu, na dhima ya damu ya mtu ikabaki shingoni mwao.

Kuna jambo tunaloweza kuanza nalo sisi wenyewe pasipo kungoja sheria wala benki. Maegesho yetu ya bajaji yana vyama, na vyama vina vijumbe, na kijumbe ni mtu ambaye akina mama wa Tanga wamemwamini kwa fedha za upatu tangu zamani, bila askari na bila wakili. Shilingi 400 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, ni shilingi 120,000, nazo zimeivuka ile ada ya shilingi 118,000 ya gari dogo. Bajaji na bodaboda zina viwango vyake, lakini mwendo wa hesabu ni huo huo. Chama chenye vyombo 40 kinaweza kukusanya fedha hiyo kila jioni, ikawekwa katika akaunti ya chama na si mfukoni mwa mtu, na ikatumika kukata stika za wale ambao tarehe zao zimefika; aliyekatiwa mapema anaendelea kuchangia kwa ajili ya wenzake waliobaki. Hapo hapana riba, ada imeifikia kampuni yote kwa mara moja kama kanuni inavyotaka, na mlipaji amelipa kwa mwendo wa mfuko wake. Shida yake naijua: anayekatiwa mwanzo anaweza kuliacha kundi. Lakini hiyo ni shida ya upatu wowote, na dawa yake inajulikana na kila kijumbe, kwamba mgeni na asiyejulikana kwao hapangwi mwanzoni.

Na kampuni za bima zinazotaka biashara ya watu hawa, kwa kuwa ni watu wengi na kila mwezi wanaongezeka, zinaweza kukutana na vyama hivyo nusu ya njia, kwa kuuza stika ya miezi mitatu kwa robo kamili ya ada ya mwaka, pasipo nyongeza ya adhabu kwa sababu ya ufupi wa muda. Dereva avukaye mpaka kwenda Mombasa hukata kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mpaka, kwa muda anaouhitaji, na hapana anayeshangaa. Dereva wa Mabawa asiyevuka hata Mto Sigi naye anastahili kuuziwa kwa kipimo anachokiweza.

Ama ninyi mnaolipa hivi sasa kwa mafungu, kwa mkopo au kwa mapatano na wakala, usiku huu huu tazameni mkataba wenu, mahali panapoeleza nini hutokea fungu likikosekana, na kama hamkupaona, kesho mpige simu mwulize. Mkidhulumiwa wakati wa madai, iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyowekwa kwa ajili ya malalamiko ya watu wa kawaida. Unapotoa fedha yoyote, hata ikiwa ndogo, dai stakabadhi ya kampuni yenye namba ya chombo na tarehe, siyo karatasi iliyochanwa katika daftari. Na kabla hujawasha injini kuondoka pale kibandani, andika mwenyewe namba ya gari lako katika mfumo wa TIRA, uhakikishe kwamba limo, na ujue limo mpaka tarehe gani.